Marashi ya Babu na Plastiki Inayokula Jua

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeitwa ofisini. Siyo kupongezwa.

Profesa Hedvig, mkuu wa maabara yetu hapa Szeged, alinitazama juu ya miwani kama mtu aliyekuta nzi kwenye supu. Akasema mkataba wangu unaisha mwezi huu. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja wageni kutoka Budapest, wale wanaogawa fedha za utafiti, na kila mtu wa maabara atawaonyesha alichonacho. Wewe una nini, Vendel? Nikamwambia nina kipaji. Akasema kipaji hakipimwi kwa taa. Anataka seli ya jua ya plastiki iliyotoka mikononi mwangu, ufanisi wake asilimia kumi, na niirudie mara tatu. Mara moja haihesabiki. Nikishindwa, kwaheri.

Kwaheri maana yake bata bukini. Mjomba Dénes anafuga bata bukini huko Orosháza, kundi zima, na ananisubiri tangu nilipoacha chuo cha ufundi. (Chuo ndicho kilichoniacha mimi. Lakini shajara ni yangu, naandika nitakavyo.) Bata hao wananijua. Yule dume mkubwa aliwahi kuning'ang'ania suruali kwa nyuma mbele ya harusi nzima, na hadi leo hajaonyesha majuto.

Kazi yenyewe ni hii, kwa faida ya watakaosoma nikishakuwa maarufu. Tunatengeneza wino wa plastiki. Ndani yake kuna wawili: polima, ambayo ikipigwa na jua inaachia elektroni, na mwenzake, ambaye kazi yake ni kuidaka. Unadondosha wino kwenye kipande cha kioo, mashine inakizungusha kama kichaa, unabaki utando mwembamba kuliko uchafu wa madirisha yetu. Unapokauka, wale wawili wanatakiwa wasukane nyuzi kwa nyuzi, nyuzi nyembamba mara elfu kadhaa kuliko unywele. Zikiwa nene, elektroni inafia njiani. Wakichanganyika mno kama uji, elektroni haioni pa kutokea. Hiyo ndiyo wanayoiita nano, elimu ya vitu vidogo kupita kiasi. Profesa ametumia miaka ishirini kuielewa. Mimi wiki moja.

Basi mbona seli zangu zinagota kwenye asilimia sita? Vifaa vibovu. Na husuda.

Husuda inaitwa Ottokár. Anasomea udaktari, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka ndani ya mifuko, na seli zake zinatoa kumi na moja bila jasho. Ananiita bwana mdogo. Mimi namwita Daktari Mtarajiwa, akishatoka chumbani.

Leo nimechukua hatua. Maelekezo yanasema utando upashwe joto kidogo kwenye bamba la moto. Sasa, kama joto kidogo linasaidia, joto jingi litasaidia sana. Hesabu hiyo hata bata anaiweza. Nikazungusha kitasa mpaka kikagoma.

Asilimia moja.

Nikampelekea Emőke autazame utando. Emőke ndiye mwenye hadubini, ile isiyotazama bali inapapasa: ina sindano inayopita juu ya utando kama kidole cha kipofu usoni pa mtu, na mashine inachora ilichokihisi. Picha ilipotoka ilikuwa madonge matupu.

“Hawa wawili wamegombana, Vendel,” akasema. “Mmoja kahamia mashariki, mwingine magharibi. Umewafanya nini?”

Ottokár akacheka kwa pua. Mtu mzima, anacheka kwa pua!

Nikiwa na hasira nikavunja kifuniko cha kisahani changu cha kukaushia. Mali ya maabara. Vipande viko chini ya kabati. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Maabara imefungwa. Bibi amepika supu ya maharage isiyo na nyama, akaniambia nitafakari dhambi zangu. Nikatafakari za Ottokár.

Nimegundua siri yake. Anakausha utando wake polepole, chini ya kifuniko, ndani ya lile sanduku kubwa la kioo lenye glavu, ambamo hewa ya nje haiingii. Ndiyo maana nyuzi zake zinapata muda wa kusukana. Kwa nini mimi sikaushi ndani ya sanduku? Kwa sababu kabandika karatasi yenye jina lake mlangoni, wiki nzima, kwa mwandiko wa kutisha. Mimi nimeachiwa lile kabati la feni ya kuvutia moshi, kama mpishi.

Sawa. Nitakausha polepole ndani ya kabati. Tatizo ni kifuniko, ambacho kimepata ajali.

Nimechukua kisahani cha chai cha Bibi, kile chenye maua ya buluu, kilichomeguka ukingoni. Bibi akauliza kinakwenda wapi. Nikasema kwenye sayansi. Akasema kirudi na ukingo uliobaki.

Jambo jingine, zito zaidi. Jumatatu ya Pasaka ni siku ya kuwamwagia wanawake. Kila mwanamume anapita nyumba kwa nyumba, anatoa ubeti, anawamwagia maji au marashi ili wasinyauke mwaka huu, analipwa yai lililopakwa rangi. Mwaka jana Emőke alimpa Ottokár yai jekundu lenye tulipu nyeupe, lililochorwa kwa nta, kazi ya siku nzima. Mimi alinipa la kahawia, bila mchoro. Nadhani lilikuwa chakula chake cha mchana.

Na jana Ottokár katangaza mbele ya watu kwamba safari hii ana manukato ya Kifaransa. Kichupa chenyewe ukubwa wa kidole gumba. Tutaona.

Jumapili, 5 Aprili

Kanisani, kisha nyama ya nguruwe ya moshi, mayai, na ule mzizi mkali unaofanya familia nzima ilie pamoja. Nimekula mpaka mkanda ukaomba talaka.

Bibi akatoa kabatini chupa ya kijani. Marashi ya marehemu Babu! Babu alijipaka kila Jumapili baada ya kunyoa, na mbwa wa mtaa mzima walivuka barabara. Bibi akasema Babu alimpata yeye kwa tone moja la marashi hayo, nyuma ya sikio. Tone moja tu, mjukuu wangu, akarudia, usije ukatuaibisha.

Tone moja, wakati ule, nchi ilikuwa maskini.

Nikatazama juu ya friji na akili ikawaka. Chupa ya kizamani ya soda! Ile nzito ya chuma yenye mkono wa kubonyeza, inayorusha soda mpaka upande wa pili wa meza. Nimetia nusu ya marashi ya Babu, nikajaza maji, nikafungia gesi. Nimejaribu kwenye ua la dirishani. Ua limelala.

Ottokár atadondosha. Mimi nitanyesha.

Jumatatu, 6 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi nilikwenda kwao Emőke. Mama yake akafungua mlango akiwa amelowa chapachapa, maana majirani walishapita, akasema binti amekimbilia maabara. Kufanya kazi, kasema. Siku ya Jumatatu ya Pasaka! Wanawake wa mji huu hawana imani.

Maabara nikamkuta Ottokár keshafika. Na tai shingoni. Nikamkuta na Profesa Hedvig, aliyejificha huko kwa sababu nyumbani kwake kuna mashemeji wanne wenye ndoo. Emőke alikuwa ameinama kwenye hadubini yake. Akatuomba kwa heshima tusipige kelele na tusikanyage kwa kishindo: sindano imeanza kupapasa alfajiri, na alichagua sikukuu makusudi, jengo limetulia, hata feni za makabati amezizima zisitikise meza.

Ili nisionekane nimefuata yai tu, nikaweka wino wangu kwenye vioo, nikavizungusha, nikavipanga vikiwa vibichi ndani ya kabati na kuvifunika kwa kisahani cha Bibi. Mfanyakazi hodari.

Ottokár akatangulia. Akatoa ubeti wa mtoto wa chekechea, akamdondoshea Emőke mkononi, tone, tone, tone. Emőke akatabasamu. Yai jekundu. Tulipu mbili safari hii!

Zamu yangu. Nikasimama katikati ya chumba, chupa nyuma ya mgongo, nikatoa ubeti nilioutunga mwenyewe:

Nimeona ua moja, limekaa hadubini,
Halijapigwa na mvua, tangu mwaka wa zamani,
Nikilimwagia maji, utanipa yai gani?

Profesa alicheka. Naapa alicheka. Basi nikabonyeza.

Sikujua gesi ya chupa ile ina nguvu kiasi hicho ikikaa usiku kucha. Ilimpiga Emőke, ikampiga Profesa miwani, ikapiga ukuta, ikarudi. Mkono wa chupa ukakwama, haukurudi. Nikageuka kutafuta dirisha, na nilipogeuka na mvua iligeuka nami. Kabati langu nalo likapata. Ottokár akajificha nyuma ya mlango akiwa amekumbatia yai lake.

Maabara nzima ikanuka Babu.

Sindano iliruka. Picha ikakatika katikati, mstari mweusi kuanzia kushoto hadi kulia. Emőke alisimama, maji yanamtiririka puani.

“Nimeianza hiyo picha alfajiri,” akasema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Sikupewa yai. Nilipewa tambara. Madirisha ya chumba kile hayafunguki, na Profesa alikataza feni zisiwashwe mpaka Emőke aone kama sindano imepona, kwa hiyo nilipiga deki ndani ya wingu la marehemu babu yangu mzazi mpaka saa ya chakula ikapita.

Jumanne, 7 Aprili

ASILIMIA KUMI NA MBILI!

Na kitu juu yake! Nilitia vile vioo vya jana tabaka la metali la kutolea umeme, nikaviweka chini ya taa kwa unyonge, nimeshaanza kuwaza harufu ya banda. Namba ikapanda. Ikapita sita. Ikapita ya Ottokár. Nikapiga kelele, Ottokár akaja, akasema nimeunganisha waya vibaya, akaunganisha yeye, ikatoka ileile. Akafuta taa. Ileile. Akafuta miwani yake. Ileile!

Profesa akaketi. Akauliza nilifanya nini tofauti. Chumba kizima kinanisubiri mimi. Nikasema: kisahani.

Nikawaeleza. Kwamba nilichagua kifuniko cha kaure, siyo kioo, kwa sababu kaure ina utulivu. Kwamba ukingo uliomeguka ulielekezwa mashariki, jua linakotoka. Ottokár akauliza mashariki kunahusikaje wakati kabati limefungwa. Nikamwambia asome zaidi.

Nimeipa jina: Njia ya Vendel.

Profesa hakusema hongera. Alisema, “Sasa irudie.” Emőke akamwomba Profesa kipande kimoja akakipapase kwa sindano, nami nikampa kwa ukarimu, ingawa hanisemeshi bado. Nikampigia mjomba Dénes, nikamwambia yule dume atafute suruali nyingine.

Kisahani nimekirudisha nyumbani kwa heshima, ndani ya soksi.

Jumatano, 8 Aprili

Asilimia tano.

Nimerudia. Sita. Nimerudia tena, nimeshika pumzi muda wote. Tano.

Nimegundua. Bibi kakiosha! Kisahani cha kihistoria, kakiosha kwa sabuni pamoja na vijiko! Nilipomwambia ameharibu nishati ya Ulaya nzima, akaniuliza kama nitakula au nitaendelea kuropoka. Nikala.

Mchana nimebeba visahani vyote vya seti ile, pamoja na kifuniko cha bakuli la supu. Nimeelekeza ukingo mashariki. Magharibi. Upande wa mto. Hakuna. Feni ya kabati inanguruma juu ya kichwa changu kama inanicheka, na Ottokár anapita kila mara kuniuliza bwana mdogo, leo dira inasemaje.

Visahani viwili vimepata ajali. Sasa chini ya kabati kumejaa.

Alhamisi, 9 Aprili

Wageni ni kesho. Njia ya Vendel imekufa. Nikaamua kutengeneza njia nyingine.

Seli inapimwa chini ya taa iliyo sawa na jua, na taa ina mahali pake, pamechorwa alama. Nikawaza: nani kasema jua lazima likae mbali hivyo? Wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, nikaishusha taa. Kidogo tu, ipate kumi. Ilipofika kumi nikaona si vibaya ikapata na ya akiba. Nikaishusha tena. Na tena.

Ottokár akarudi kuchukua kikombe. Akasoma namba. Arobaini na moja.

Akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba hakuna seli ya plastiki duniani iliyowahi kukaribia hapo, na kwamba plastiki yangu inatoa moshi. Akauliza kama jua limeshuka Szeged na hakuna aliyempa taarifa. Akairudisha taa kwenye alama yake. Hakunisemea kwa Profesa. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Nilikuwa nimekaa ngazini nafikiria bata, Emőke akaja na picha mbili. Mara ya kwanza kunisemesha tangu mvua.

Picha ya kwanza: utando wangu wa jana. Madonge. Ya pili: utando wa Jumatatu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Nyuzi, nyuzi, nyuzi, zimepishana kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira, wa huku unapita chini ya wa kule, hakuna donge hata moja. Emőke akasema polima na mwenzake hawajawahi kupatana hivyo tangu aanze kazi. Akasema alikaa na picha hiyo siku mbili akiwaza. Kisha asubuhi akavaa koti lake la maabara, lile la Jumatatu, ambalo bado halijafuliwa.

“Ni marashi yako,” akasema. “Yale uliyonimwagia. Feni zilikuwa zimezimwa, mvuke ukaingia kwa ule ukingo uliomeguka. Ndio uliochelewesha wino kukauka.”

Nikamwambia haiwezekani, ni kisahani. Akasema kisahani ni tundu tu. Nikamwambia basi ni tundu langu. Akavuta pumzi ndefu.

Akaniuliza kama yamebaki. Nikakimbia nyumbani nikaleta chupa ya kijani, nusu. Akachukua kiasi kwenye kichupa, kidogo, akasema atajaribu tone moja chini ya kifuniko, feni ikiwa imezimwa, na atatumia wino wangu ili Profesa asilalamike. Tone moja, Vendel, akasema, na wewe usiguse chochote mpaka tuone.

Tone moja! Kama Bibi! Wanawake wote wa mji huu wameapishwa pamoja?

Chupa kaniachia mimi.

Ijumaa, 10 Aprili

Wageni walikuwa watatu: mzee mwenye kikohozi, mama mwenye kalamu, na kijana aliyekuwa anatafuta choo. Ottokár alionyesha kumi na moja yake, mara tatu, koti linang'aa. Wakapiga makofi ya adabu.

Kisha Profesa akasema, sasa Vendel atatuonyesha alichonacho. Nilimwona Emőke mlangoni na kisinia chake kimefunikwa. Ananitikisia kichwa. Anataka kuja yeye mbele na tone lake. Nikawaza: yeye ana kazi, Ottokár ana kazi, mimi nina bata. Siku yangu ni hii.

Na hesabu ilikuwa wazi. Mvuke uliojipenyeza kwa bahati kwenye kijitundu ulitoa kumi na mbili. Nusu chupa ingetoa nini?

Nikadondosha wino, nikazungusha, nikazima feni kwa mkono wa madaha. Nikawaambia wageni wanakaribia kushuhudia historia. Nikalaza kioo ndani ya kisahani, nikamimina. Yote. Mpaka chupa ikatoa ule mlio wa koo.

Mwanzo wageni walisogea karibu. Utando ukakunjamana kidogo. Kisha ukajivua kutoka kwenye kioo, wote, kama ngozi ya maziwa, ukaelea. Ukazunguka mara moja ndani ya kisahani, ukazama.

Yule mama mwenye kalamu akaniuliza hiyo ndiyo historia yenyewe, au bado. Kabla sijajibu, king'ora cha kunusa mvuke kikalia. Hakiwezi kuzimwa kwa kupigwa na kiatu, nimejaribu. Jengo lote likatoka nje, ghorofa zote, hata watafiti wa ndizi na mahindi wa ghorofa ya chini, wamebeba miche yao. Mzee mwenye kikohozi alisaidiwa kushuka ngazi. Nje, kwenye uwanja, watu wakawa wanasogea mbali nami kadiri upepo unavyogeuka.

Nikampigia mjomba Dénes. Akasema kitanda kipo. Nikasikia nyuma yake yule dume.

Tuliporuhusiwa kurudi, Emőke akaweka kisinia chake mezani. Vioo vitatu. Tone moja kila kimoja. Taa kwenye alama yake. Kumi na mbili. Kumi na mbili na kitu. Kumi na mbili. Mama mwenye kalamu akaandika ukurasa mzima. Akauliza wazo limetoka kwa nani. Emőke angeweza kusema kwake. Akanitazama, mimi nimesimama kwenye kona natoa harufu ya sikukuu, akasema wino ni wa Vendel, marashi ni ya babu yake, na wazo ni la ajali ambayo hakuna mtu mwingine katika jengo hili angeweza kuisababisha.

Ottokár akacheka. Kwa mdomo, safari hii.

Wageni walipoondoka Profesa akaniita. Nikavua koti niliache kabisa. Akaniambia nilivae. Akasema fedha zimepatikana, na nimebaki hadi vuli. Kwa sharti.

“Utadondosha tone moja, kwa kibomba cha kudondoshea, chini ya kifuniko. Hutagusa kitasa, hutagusa taa, hutagusa chupa. Ottokár atasimama pembeni yako.” Akafuta miwani. Bado ina madoa ya Jumatatu. “Makosa ya kawaida tunayaweza wenyewe, Vendel. Ya kwako hatuyawezi.”

Sijawahi kusifiwa hivyo.

Jumatatu, 13 Aprili

Siku ya kwanza ya cheo kipya. Bibi amenunua chupa nyingine ya marashi, kinyozi wa Babu bado anayauza. Imefungiwa kwenye kabati dogo na ufunguo anao Ottokár, shingoni, kwenye uzi, kama msalaba.

Emőke amenipa yai! Jekundu, tulipu moja! Alisema lilibaki tu kwenye kikapu na anahitaji kikapu. Aibu za kike. Nimelila palepale mbele yake, kuonyesha ninavyolithamini. Lilikuwa la tangu Pasaka na halikukaa frijini. Asubuhi yote nimekuwa nikienda uani na kurudi.

Katikati ya safari hizo nimedondosha tone langu. Moja. Ottokár anahesabu kwa sauti: moja, basi, asante. Nikakaa. Hiyo ndiyo kazi. Nyuzi zikasukana, taa ikawaka, kumi na mbili. Ijumaa ilikuwa kumi na mbili, kesho itakuwa kumi na mbili. Wote wanafurahi! Hakuna hata mmoja katika maabara hii ya wasomi aliyejiuliza swali la wazi kabisa.

Nusu chupa ilizidi, nakubali. Nimekubali mbele ya watu. Lakini kati ya tone moja na nusu chupa kuna nafasi kubwa mno, na mtu mwenye kipaji hawezi kuitazama nafasi hiyo akalala.

Ottokár huvua ule uzi anaponawa mikono kabla ya kula. Anauning'iniza kwenye msumari karibu na bomba.

Nitaanza na matone mawili. Labda kijiko.